Jinsi ya kufundisha falsafa ya mwanzo ya haki za wanawake darasani: mwongozo kamili kwa walimu, kutoka Wollstonecraft mpaka Mwana Kupona

Walimu wenzangu wa historia, uraia, fasihi na hata dini, hii mada wengi tunaifundisha kwa kujaza majina ubaoni, fulani alizaliwa mwaka huu, akaandika kitabu hiki, akapigania haki za wanawake, haya nakilini. Wanafunzi wanakariri, mtihani unapita, na baada ya hapo hakuna kilichobaki kichwani. Hawa wanawake hawakukaa tu wakaandika vitu vizuri, walikuwa wanajibu watu, tena watu wenye majina makubwa kuliko wao, na ukimfundisha Mary Wollstonecraft, mwandishi wa Kiingereza, bila kumleta mwanafalsafa Rousseau darasani unakuwa umewapa watoto jibu la swali ambalo hawajawahi kulisikia. Kwa hiyo mwongozo wote huu umejengwa juu ya jambo moja: fundisha ugomvi wenyewe, hoja kwa hoja, na kabla ya hoja onyesha maisha halisi ya wanawake wa wakati ule yalikuwaje kisheria na kikazi.

Unafaa kuanzia form three kwenda juu mpaka chuo mwaka wa kwanza. Nimeupanga kwa vipindi kama sita vya dakika 40, ila ukiwa na vichache nitasema mwishoni ukate wapi.

Kabla hujaingia darasani

Chagua mjadala mmoja uwe nguzo, usijaribu kubeba dunia nzima. Mi nashauri mjadala wa elimu ya mtoto wa kike Ulaya kati ya 1762 na 1793, kwa sababu vitabu vyake vipo bure mtandaoni (vya zamani mno, havina haki miliki), hoja zake zinaeleweka na mtoto wa miaka 16, na swali lenyewe, msichana asome nini na kwa ajili ya nani, hakuna mwanafunzi ambaye halimgusi.

Tafuta vipande vifupi, nusu ukurasa kila kimoja basi. Kiingereza cha 1792 kina sentensi ndefu zinazojikunja mpaka unasahau ilikoanzia, usimpe mtoto kurasa kumi za namna hiyo. Fanya tafsiri yako ya Kiswahili cha kawaida, itoe kopi, na weka ile ya Kiingereza nyuma ya karatasi kwa wanaotaka kulinganisha. Kama shule haina mashine ya kopi andika kwenye manila kwa maka peni, bandika ukutani, wanafunzi wasome wakiwa wamesimama kwa makundi, inafanya kazi vizuri tu.

Kingine, usianze kwa kuandika neno ufeministi ubaoni. Ukilianza hilo kuna watakaokaa upande huu na wengine upande ule kabla hujasema lolote, na kipindi chote kitaliwa na mabishano ya mitandaoni. Neno lije kipindi cha tatu au cha nne, wakiwa tayari wamesoma vitu na wana pointi zao. Hata Wollstonecraft mwenyewe hakulitumia, limekuja karne iliyofuata.

Hatua ya 1: anza na mshahara, shamba na watoto

Kipindi cha kwanza hakina mwanafalsafa hata mmoja. Unaandaa kadi, kila kadi ni mtu anayeishi Uingereza miaka ya 1780: binti wa miaka 25 hajaolewa, baba yake ana ardhi, kisha kaka mkubwa wa binti huyo, mke wa mfumaji anayesokota nyuzi nyumbani kwa malipo, mjane mwenye duka, msichana wa kazi za ndani London, kibarua wa shamba mwanaume. Unawapanga mstari mmoja mbele ya darasa, kisha unauliza maswali, kila anayejibu ndiyo anapiga hatua moja mbele.

Baba akifa bila wosia, ardhi inakuja kwako? Ukilipwa leo, hela ni yako kisheria? Unaweza kusaini mkataba kwa jina lako? Ukitengana na mwenzio, watoto una haki nao? Unaweza kwenda Oxford? Unaweza kupiga kura ya bunge?

Majibu lazima uwe nayo wewe. Ardhi ilienda kwa mtoto wa kiume mkubwa. Mke hela yake ilikuwa ya mume, kwa sababu sheria ya Uingereza ilihesabu mke na mume kuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ni mume, William Blackstone aliiandika wazi kabisa kwenye kitabu chake cha sheria kilichoanza kutoka 1765. Mjane na asiyeolewa walikuwa na haki ya kumiliki na kusaini. Watoto walikuwa wa baba, mpaka sheria ya 1839 ndo mama akaruhusiwa kuomba mahakamani abaki na watoto wa chini ya miaka 7. Talaka kamili ilihitaji sheria maalumu ya bunge mpaka 1857, yaani matajiri tu. Mke kumiliki mali yake kikamilifu ni sheria ya 1882. Oxford ilianza kuwapa wanawake digrii 1920. Na kura, kibarua wa kiume naye anabaki palepale, kwa sababu wanaume wengi maskini nao hawakuwa nayo, hili usilifiche, litakusaidia baadaye wavulana wasihisi kwamba somo limekuja kuwasema.

Sasa simamisha darasa wauangalie mstari. Mjane atakuwa mbele ya mke. Binti asiyeolewa naye atakuwa mbele ya mke. Waachie wenyewe washangae na waulize kwa nini ndoa inampunguza mtu badala ya kumwongeza, usiwajibie, liandike swali hilo kwenye kona ya ubao na lisifutwe mpaka mada iishe.

Hapa kuna kitu kinatokea sana kwenye madarasa ya kwetu, hasa pwani. Mwanafunzi Muislamu atanyoosha mkono aseme mbona kwenye sheria yetu mke ana mali yake na anarithi fungu lake tangu zamani. Yuko sahihi, na umwambie mbele ya wote kwamba yuko sahihi. Mfano upo hapahapa: Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, baba yake alipofariki 1856 alihesabiwa mtu mzima akiwa na miaka kama 12 hivi na akapewa urithi wake, shamba na nyumba, wakati mke wa Kiingereza mwaka huohuo hata mshahara wake haukuwa wake. Hiyo inavunja ile hadithi kwamba haki za wanawake ni mzigo ulioshuka melini kutoka Ulaya. Ila usiishie kwenye kujisifu, Salme tutamrudia na tutaona alinyimwa nini.

Hatua ya 2: mpe Rousseau nafasi yake yote

Walimu wengi wanairuka hii, halafu wanashangaa wanafunzi hawaoni Wollstonecraft alikuwa na shida gani.

Jean-Jacques Rousseau alikuwa ndiye sauti ya uhuru, vijana wa mapinduzi ya Ufaransa walimsoma kama nabii. Mwaka 1762 akatoa Émile, kitabu kikubwa juu ya kulea mtoto wa kiume awe mtu huru anayefikiri mwenyewe. Sura ya mwisho ndo anamleta Sophie, msichana aliyeandaliwa awe mke wa Émile, na hapo anasema elimu yote ya wanawake iwaangalie wanaume: wawapendeze, wawafae, wapendwe na waheshimiwe nao, wawalee wakiwa wadogo, wawatunze wakiwa wakubwa, wawashauri, wawafariji, na hayo ndo mafundisho ya kumpa msichana tangu utoto.

Gawa kipande hicho, halafu kazi ni hii: kila kundi, wasichana na wavulana wamechanganyika, waandike sababu tatu zenye nguvu kabisa za kumtetea Rousseau. Bila kejeli na bila kumfanya mjinga. Watasema familia inahitaji mgawanyo wa kazi, watasema maumbile, watasema mbona bibi zetu waliishi hivyo na nyumba zilisimama. Zote zibandikwe ukutani. Kuna wasichana watagoma kuandika, waambie mwanasheria mzuri anaijua kesi ya upande wa pili kuliko huyo wa upande wa pili anavyoijua.

Faida yake ni kwamba wanafunzi wanaoamini hivyo kweli (na wapo wengi, tusijidanganye) wanaona mawazo yao yameheshimiwa na yamewekwa mezani, kwa hiyo kipindi kinachofuata hawaji wakiwa wamenuna.

Hatua ya 3: Wollstonecraft, na hapa ukae

Maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa London 1759, baba mlevi aliyekuwa anampiga mama, na Mary akiwa msichana alikuwa analala nje ya mlango wa chumba cha mama yake ili amkinge. Akafanya zile kazi chache ambazo mwanamke aliyesoma kidogo aliruhusiwa: msindikizaji wa bibi tajiri mjini Bath, akafungua shule Newington Green na dada zake na rafiki yake Fanny Blood ikashindwa, akawa mlezi na mwalimu wa watoto wa kabaila huko Ireland. Kisha akarudi London akaishi kwa kalamu, kwa mchapishaji Joseph Johnson. Mwambie mwanafunzi aangalie ile mistari ya kadi za kipindi cha kwanza aone Mary angesimama wapi.

Mwaka 1791 Talleyrand, mwanasiasa wa Ufaransa, alipeleka kwenye bunge la Ufaransa mpango wa elimu ya taifa ambao ulimwachia msichana asome pamoja na wavulana mpaka miaka 8 tu, baada ya hapo arudi nyumbani. Nchi ileile iliyotangaza haki za binadamu miaka miwili nyuma. Wollstonecraft akaandika kitabu chake cha kutetea haki za mwanamke, kikatoka 1792, na akakielekeza kwa Talleyrand kwa jina.

Hoja yake ifundishe kama mnyororo. Andika kila pingili kwenye kipande cha manila, vichanganye, makundi yapange upya:

Kinachomtofautisha binadamu na mnyama ni akili.
Wema wa kweli ni ule unaotoka kwenye akili, mtu anayetii bila kuelewa hajawa mwema, amefugwa tu.
Mungu amempa mwanamke roho na akili ileile, na atamuuliza mema na mabaya yake mwenyewe.
Akili isiyofundishwa haikui.
Basi kumnyima msichana elimu ni kumzuia asiwe mwema, halafu unamlaumu kwamba si mwema.

Makundi yatabishana juu ya mpangilio na hapo ndo somo lilipo, mpangilio unaweza kutofautiana kidogo ila wajieleze. Kisha waulize: ukitaka kuivunja hii hoja, ungekata pingili ipi? Kijana mmoja atasema ya tatu, mwingine ya pili. Angalia wanavyohama kutoka kubishana juu ya wanawake kwenda kubishana juu ya akili ni nini na wema ni nini, na hiyo ndo falsafa, mtoto wa form three anaifanya bila kujua.

Halafu kuna kipande kimoja cha kitabu hicho nakipenda kuliko vyote, kwenye sura ya pili, analinganisha wanawake na maofisa wa jeshi. Watu walikuwa wanasema wanawake wanapenda mapambo, wanapenda kusifiwa, wanajua adabu za nje kuliko maarifa, na hayo ni maumbile yao. Mary anasema haya, tazameni maofisa vijana: wanapenda sare zinazong'aa, wanapenda dansi, wanapenda kusifiwa, wanatii bila kuuliza, wamejifunza adabu kabla ya maadili. Ni wanaume. Kilichowafanya hivyo ni malezi, walitupwa kwenye dunia kabla vichwa havijapewa maarifa. Basi kama malezi yanaweza kumfanya mwanaume awe hivyo, mnajuaje kwamba kwa mwanamke ni maumbile? Soma hicho kipande kwa sauti, taratibu, mara mbili. Ni mtindo wa hoja ambao mwanafunzi anaweza kuubeba kwenye somo lolote: tafuta kundi jingine lenye tabia ileile lakini halina ile sababu inayotajwa. Wape dakika kumi watafute mfano wao wenyewe.

Na mpango wake wa shule waupime. Shule za kutwa za serikali, watoto wa miaka 5 mpaka 9 wote pamoja, tajiri na maskini, wa kike na wa kiume, wamevaa sawa. Baada ya hapo wanaoelekea kwenye kazi za mikono na za nyumbani wanakwenda shule nyingine, asubuhi bado pamoja, mchana wasichana wanajifunza kushona. Alitaka wanawake wasomee udaktari, wafanye biashara, wafuatilie siasa. Wanafunzi makini wataona kwamba hata yeye aliwatenganisha watoto kwa tabaka baada ya miaka 9, na kwamba mara nyingi anatetea elimu ya mwanamke kwa kusema atakuwa mama bora. Usimkinge. Uliza: anadai haki kwa sababu mwanamke ni binadamu au kwa sababu atalea vizuri? Yote mawili yamo, na kipindi kizima kinaweza kuishia hapo.

Sasa ile ishu ya maisha yake binafsi. Wanafunzi wana simu, watasachi, watakuja kesho wanacheka kwamba huyu alizaa nje ya ndoa na alijaribu kujiua. Waambie wewe kwanza. Ni kweli, alimzaa binti yake Fanny mwaka 1794 na mwanaume Mmarekani aliyemwacha, na mwaka 1795 alijaribu kujiua mara mbili. Baadaye akaolewa na William Godwin, akafa Septemba 1797 siku chache baada ya kujifungua Mary, ambaye ndo huyo aliyekuja kuandika Frankenstein. Godwin kwa majonzi akaandika kumbukumbu za mkewe 1798 akayaweka yote wazi, na watu wakapata kisingizio, wakasema mnaona, haya ndo matunda ya mawazo yake, na kitabu chake kikasukumwa pembeni kwa muda mrefu.

Hapohapo walete Rousseau. Huyu mtaalamu wa malezi aliwapeleka watoto wake watano kwenye nyumba ya watoto walioachwa, kila mmoja alipozaliwa, na ameandika hayo mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake. Voltaire, mwandishi mwingine mkubwa wa Ufaransa, alimshambulia kwa hilo, lakini Émile iliendelea kusomwa kama kitabu cha elimu. Andika majina mawili ubaoni, chini yake hayo mambo, halafu uliza: maisha ya mtu yanaivunja hoja yake? Na kama ndiyo, mbona yamemvunja mmoja kuliko mwingine? Kaa kimya. Darasa likifika hapa huhitaji kusukuma tena. Ila mada ya kujiua iguse kwa heshima, usiifanye mjadala, na mwanafunzi ukimwona amebadilika usoni mfuate baada ya kipindi.

Hatua ya 4: Olympe de Gouges, haraka lakini kwa makali

Hii ni nusu kipindi. Tangazo la haki za binadamu na raia la Ufaransa la 1789 lina vifungu 17. Septemba 1791 Olympe de Gouges, mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa Montauban 1748, akachukua muundo uleule, vifungu 17, akaandika la mwanamke na raia wa kike. Weka kifungu cha 1 na cha 10 vya matangazo yote mawili sambamba kwenye jedwali. Cha 10 chake ndo kinauma: mwanamke ana haki ya kupanda jukwaa la kunyongewa, basi awe na haki ya kupanda jukwaa la kuhutubia.

Kisha tarehe zisomwe bila maelezo marefu. Oktoba 1789 wanawake wa Paris wanaandamana mpaka Versailles, kwenye jumba la mfalme, kudai mkate. 30 Oktoba 1793 vilabu vya siasa vya wanawake vinapigwa marufuku. 3 Novemba 1793 de Gouges anakatwa kichwa. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba mapinduzi yanaweza kumtumia mwanamke halafu yakamfungia mlango, tarehe hizo tatu zinatosha.

Muda ukiruhusu, rudi nyuma uwaonyeshe kwamba hata hawa hawakuwa wa kwanza. Christine de Pizan, mjane wa miaka 25 mwenye watoto watatu na madeni, aliishi kwa kuandika na mwaka 1405 akatoa kitabu cha mji wa wanawake. Mary Astell alipendekeza chuo cha wanawake 1694, na mwaka 1706 akauliza kama wanaume wote wamezaliwa huru, inakuwaje wanawake wote wazaliwe watumwa? Dakika tano hawa, waangalie tu jinsi swali linavyorithishwa.

Hatua ya 5: rudi pwani, na uwe mwangalifu

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, wa upande wa Pate na Siyu karibu na Lamu, anatunga utendi kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, akianza na ule mwito wa "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati", yaani sogea karibu binti yangu. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepigana na Sayyid Said, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Anamwambia binti kwamba radhi ni tano, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Mume akilala asiamshwe, akandwe, apepewe.

Kishawishi cha mwalimu hapa ni mambo mawili, na yote mawili mabaya. Moja ni kumgeuza Mwana Kupona awe Wollstonecraft wa Lamu, ambaye si kweli. Jingine ni kumtumia kama mfano wa mwanamke aliyekandamizwa ambaye hakujijua, na huko ni kumdharau mama wa watu. Badala yake wape wanafunzi maswali mawili tu. Anasema nini? Na kwa kukisema, anafanya nini? Anasema tii, ila anayesema ni mwanamke mjuzi wa tungo, mjane wa kiongozi, anamwamuru binti achukue wino na karatasi, na mwishoni anawaita wanawake wengine wausome waelewe maana. Wasomi wenyewe hawakubaliani utendi huu usomwe vipi, na mwanafunzi anaruhusiwa kutoafiki pia.

Mweke pembeni yake Salme. Mabinti wa jumba la Sultani walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha kwa siri, anakopi herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao ulitumika kama kibao cha kuandikia. Msichana, mfupa uliokauka, wino, na hofu ya kukamatwa. Na kuandika huko kukamwingiza kwenye siasa, mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, Salme akiwa kama miaka 15 ndo aliandika barua za kundi lake. Kama mnaweza kupata mfupa mkubwa wowote buchani, usafishwe ukauke, mwanafunzi ajaribu kuandika herufi kumi juu yake kwa wino, nakuhakikishia hatasahau. Baadaye, 1866, akaondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani, na 1886 akatoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani.

Sasa ule mstari wa kadi urudie na watu wa Zanzibar na Lamu ya miaka ya 1850: Salme, Mwana Kupona, mjakazi wa nyumbani mwao, mtumwa wa kiume wa shamba la karafuu. Swali la mshahara wa nani, watoto wa nani. Mjakazi hasogei hata hatua moja. Mwana Kupona mwenyewe anamwonya binti asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, na Salme kwenye kitabu chake aliutetea utumwa wa Zanzibar. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa 1873 tu. Hili liseme, kwa sababu wapo wanafunzi ambao bibi zao wa bibi hawakuwa upande wa jumba. Na liunganishe na Ulaya: Wollstonecraft anatumia neno utumwa kila mara kuelezea hali ya mke wa Kiingereza, wakati meli za Uingereza bado zinabeba watumwa halisi, biashara ambayo bunge lao lilikuja kuipiga marufuku 1807.

Hatua ya 6: nani aliandika maneno haya?

Sojourner Truth, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani jimbo la New York, alihutubia mkutano wa haki za wanawake Akron, Ohio, mwaka 1851. Ile hotuba maarufu yenye kujirudia "je, mimi si mwanamke?" imo kwenye toleo la Frances Gage, mtetezi wa haki za wanawake, la 1863, miaka 12 baadaye. Toleo lililochapishwa gazetini mwaka uleule wa 1851 halina huo msemo. Na toleo la Gage linamfanya aongee kwa lafudhi ya watumwa wa kusini, wakati yeye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi.

Wape matoleo yote mawili bila kuwaambia lolote, watafute tofauti wenyewe. Halafu: kwa nini mtu abadilishe? Nani alinufaika? Hoja inabaki na nguvu bila ule msemo? Somo zima la vyanzo vya historia linaingia hapo.

Kazi ya kupima

Epuka swali la "taja mchango wa". Mi natoa moja kati ya hizi. Aandike barua ya ukurasa mmoja kwa Talleyrand, atumie pingili angalau tatu za ule mnyororo na ajibu pingamizi moja la Rousseau. Au ahoji mwanamke mzee wa familia au mtaa: nani alimfundisha kusoma, mavuno yakiuzwa hela alishika nani, shamba liliandikwa jina la nani, alitaka kusomea nini. Kwenye mahojiano mwanafunzi aombe ruhusa kwanza, jina lisiandikwe, na bibi akisema hilo sitaki kuliongelea basi liachwe. Usilazimishe kusoma mbele ya darasa, mengine yanayorudi ni mazito.

Kusahihisha, alama nyingi ziende kwa aliyeeleza hoja ya upande asioupenda kwa haki, halafu akaijibu. Aliyeandika maneno makali ya kupigania wanawake bila hoja hata moja asimpite aliyemtetea Rousseau vizuri.

Kwenye majadiliano, wasichana mara nyingi wanakaa kimya hata kama mada ni yao. Dakika tatu za kuandika kabla ya mtu yeyote kuongea, kisha wawili wawili, kisha darasa zima, na wa kwanza kuitwa awe msichana. Anayetania mwenzake kwa maumbile yake mkatishe palepale, bila hasira, mrudishe kwenye karatasi: kwenye kipande ulichosoma hiyo imeandikwa wapi?

Ukiwa na vipindi viwili tu, chukua kadi za Hatua ya 1 zikuchukue dakika 25, zilizobaki soma Rousseau, na kipindi cha pili kiwe mnyororo wa Wollstonecraft pamoja na kile kipande cha maofisa wa jeshi. Ukiwa na vitatu, ongeza Mwana Kupona na Salme, na mfupa utafute mapema maana kukauka vizuri kunachukua muda.